Lenzi ya bei poa na kiti cha bibi mdogo



Leo naweka pembeni siasa na bei ya kahawa. Naandika juu ya lenzi, na juu ya sebule moja hapa Nshambya, Bukoba.

Sebule hiyo ni ya bibi yangu. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 3 hivi. Tetemeko la Jumamosi ile ya Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliuachia ukuta wa nyuma ufa kutoka dirishani hadi sakafuni. Wako waliopoteza nyumba nzima, na wako waliopoteza watu. Bibi alibaki na ufa. Ukazibwa kwa saruji, ukafumuka, ukazibwa tena. Mwaka jana wazee wakakaa kikao wakaamua: nyumba ivunjwe, ijengwe nyingine palepale kibanjani. Mimi niliomba kitu kimoja tu, kwamba kwanza nipige picha ya sebule yote, bibi akiwa ndani.

Najua mtauliza: kwani huna simu? Ninayo, na kazini naitumia kila siku. Lakini simu niliyoibiwa stendi iliondoka na picha zote za msiba wa babu. Negativu ikiwa kwenye bahasha kabatini, mwizi hana haja nayo.

Kamera yangu ni Zorki-4, ya filamu. Baba mkubwa alirudi nayo kutoka masomoni Urusi miaka ya 70. Ni ya aina ya renjifainda. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unaona taswira mbili za mtu mmoja. Unazungusha lenzi mpaka zinalaliana na kuwa moja, basi fokasi imekaa. Haina betri, wala haina kile kioo cha ndani kinachopanda na kushuka.

Tatizo ni kwamba lenzi yake ni ya milimita 50. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Fremu ya filamu ina upana wa milimita 36. Gawanya 36 kwa urefu wa lenzi, halafu zidisha kwa umbali uliosimama. Nikibana mgongo ukutani, mita 2.5 kutoka alipo bibi, lenzi ya 50 inachukua upana wa mita 1.8 tu. Ya 35 inachukua karibu mita 2.6. Ya 28 inachukua mita 3.2, yaani chumba kizima. Na nikitoka nje, mlango wenyewe unaikata picha.

Bajeti yangu ilikuwa laki tatu na nusu. Lenzi mpya ya Leica ya milimita 28 inauzwa zaidi ya dola 2,000. Kwa mshahara wa mwandishi wa habari, hiyo hata kuiota ni dhambi. Nikatafuta za Kirusi. Nikaiona Mir-1, milimita 37, f/2.8, imechongwa mbele maneno "Grand Prix Brussels 1958", tuzo iliyoipata kweli. Skrubu yake ni M39, kama ya Zorki. Bei poa. Nikalipa haraka kabla mwingine hajaiwahi.

Ilipofika ikaingia kwenye kamera kama kifuniko kwenye chupa yake. Pasaka bibi mdogo, mdogo wake bibi, akaja kutoka Kamachumu, Muleba. Wakakaa wawili chini ya ule ufa, wakicheka mambo yao ya usichana. Kwenye kidirisha zile taswira mbili hazikusogea hata nilipozungusha lenzi. Badala ya kushtuka, nikapima umbali kwa futikamba nikajiona fundi. Nikapiga picha 12.

Nilisafisha mkanda mwenyewe, bafuni kwangu. Picha zote 12 zilikuwa ukungu mtupu.

Kumbe Mir-1 ile ilitengenezwa kwa ajili ya Zenit, kamera yenye kioo ndani. Kwenye Zenit lenzi hukaa milimita 45.2 kutoka kwenye filamu. Kwenye Zorki ni milimita 28.8. Skrubu ni ileile, umbali ni mwingine. Tena haina kitako cha kusukuma kile kikono cha fokasi ndani ya Zorki, ndiyo maana taswira ziligoma kusogea.

Nikajiambia nitarudia. Agosti bibi mdogo akafariki. Tulimzika Kamachumu, kwenye kibanja chake.

Mara ya pili nilichagua taratibu. Orion-15 ya milimita 28 ingemeza sebule yote, lakini mwanga wake unaanzia f/6. Mle ndani, kwa filamu ya ISO 400, kipimo kilinipa f/2.8 kwa sekunde 1/30. Kwa f/6 ningehitaji karibu sekunde 1/6, na mkono wangu hautulii hivyo. Snapshot-Skopar ya Voigtländer, milimita 25, f/4, ni nzuri, ila mfuko ulikataa. Nikachukua Jupiter-12, milimita 35, f/2.8, mtoto wa Biogon ya Zeiss ya Kijerumani. Kioo chake cha nyuma kimechomoza sana, ukiilaza vibaya mezani umekiumiza. Kidirisha cha Zorki nacho kinaonyesha kipande cha lenzi ya 50, kwa hiyo lazima ukumbuke kwamba picha itabeba zaidi ya unachokiona.

Safari hii niliijaribu kabla ya kuweka filamu. Nilifungua mgongo wa kamera, nikabandika karatasi nyembamba pale filamu inapopita, nikaweka shata kwenye B na kuishikilia wazi. Migomba ya nje ikatokea kwenye karatasi, kichwa chini, mikali. Jaribio la dakika 5. Ningelifanya kabla ya Pasaka!

Lakini mita 2.6 si mita 3. Nikamwambia bibi kuna sentimita 40 lazima zibaki nje: au kabati la vyombo, au kile kiti alichokalia mdogo wake.

"Kata kabati," akasema. "Kiti usikikate."

Nyumba ilivunjwa Januari. Picha ninayo: bibi, ufa, na kiti kitupu. Zile negativu 12 za ukungu sijazitupa. Ukizishika dirishani unaona vivuli viwili vimekaa karibu.

Basi wadau, kabla hujalipa, muulize muuzaji swali moja: hii ni ya Zorki au ya Zenit?

Wikiendi njema.