Kipando cha Safari

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake vipando vya bara na bahari. Amma baad.

Vijana wetu hupenda kusafiri na baiskeli siku za likizo, na wengi hutujia kutaka shauri wanunue ipi. Twaona ni kheri tuwasimulie yaliyotufika wenyewe, ijapokuwa kuyasimulia si fahari kwetu.

Mwaka 2014, tukiwa Unguja, tulipata khabari kwamba mwalimu aliyetusomesha Qur'ani, mkaazi wa kijiji kimoja karibu na Chake Chake, Pemba, ni mgonjwa sana, naye ametutaja. Tukaazimia kwenda kumzuru, na kuchukua baiskeli ili baadaye tuwazungukie jamaa zetu walio mbali na njia ya magari. Nyumbani tulikuwa na baiskeli nyeusi kuukuu, isiyo na gia, ambayo kila fundi aijua. Lakini nafsi ikatwambia: Maalim mzima utaonekanaje juu ya chuma hicho? Tukanunua nyingine iliyotumika Ulaya, ing'aayo, ya gia 21, wala hatukuipanda hata siku moja kuijaribu.

Melini tuliiegemeza tu bila ya kuifunga, mizigo ikaiangukia upande wa mnyororo. Asubuhi tuliposhuka Mkoani tuliiona nzima, tukapanda. Njia ile ni ya vilima. Kwenye kilima cha kwanza tulipotia gia nyepesi, kile chuma cha nyuma kiuhamishacho mnyororo, kumbe kilikwisha pindwa na mizigo, kiliingia katika spoki. Gurudumu likasimama ghafla, chuma kikavunjika, nasi tukaanguka.

Fundi wa pale, kijana mwenye adabu, akatwambia, "Maalim, kifaa hiki huku hakipatikani. Iache kwangu, upande gari uwahi safari yako."

Shauri hilo lilikuwa la kheri, lakini fedha tulizoitolea zilikuwa zingali zikituuma moyoni. Tukakataa kuiacha. Tukamng'ang'ania aufupishe mnyororo twende na gia moja, na magari yakipita tukiyaona. Kazi ilipokwisha, mnyororo ukawa waruka kila kilima.

Tulifika baada ya Magharibi. Mwalimu wetu alikuwa amekata roho adhuhuri na kuzikwa baada ya Alasiri. Mkewe hakutulaumu. Alitwambia tu kwamba asubuhi ile marehemu aliuliza mara mbili kama meli imefika.

Ndugu zetu, katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu amewataja farasi, nyumbu na punda, kuwa ni wa kupandwa na kuwa ni pambo. Pambo halikukatazwa, lakini kupanda ndiko kulikotangulia kutajwa. Sisi tulilitanguliza pambo.

Basi mtakapo baiskeli ya safari, tazameni kwanza kama yawafaa kwa kimo: mtu aketipo kitini akaweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu wake na unyooke. Tairi na ziwe za kipimo kiuzwacho hata madukani mwa vijijini, na vyuma vyake viwe fundi wa huko aweza kuvitengeneza. Ipandeni siku kadhaa pamoja na mzigo wake kabla ya kuondoka. Chukueni pampu, viraka na gundi, spana, na mpira wa ndani wa akiba. Ikipakiwa chomboni, na ilazwe upande wa mnyororo ukiwa juu, isiwekewe kitu, kisha ifungwe kwa kamba. Imam Tirmidhi amepokea kwamba mtu alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Akaamrishwa amfunge, kisha atawakali.

Na kipando kikiwaharibikia njiani, na mbele kuna anayewangoja, kiacheni mwende. Chuma hungoja, ajali haingoji.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wetu, na atusamehe sisi. Amin.