Kizibo cha Mama na Koki Yangu

Kwetu Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mama yangu alikuwa na pipa la mbao la kutengenezea mbege. Lilikuwa limekuwa jeusi kwa umri, na sikuwahi kumwona akilitia sabuni hata siku moja. Alilisuuza kwa maji ya mfereji, akaliinamisha juani, basi. Lakini kabla ya kulijaza tena alikuwa na jambo moja ambalo sisi watoto tulilicheka kichinichini. Alichomoa kizibo cha mti kilichoziba tundu la chini, akakipeleka puani, akakinusa kwa muda mrefu kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali. Aghalabu aliridhika akakirudisha. Siku nyingine alikitupa migombani akaagiza kichongwe kingine, na mchongaji nilikuwa mimi.

Kicheko kile nilikuja kukilipia mwaka 2019, nikiwa mzee mwenye mvi, maelfu ya kilomita kutoka kwenye lile pipa.

Nilihamia Marekani mwaka 1996, nikaweka makazi katika jimbo la Minnesota, ambako baridi ya Januari humfanya mtu atafute kazi ya kufanya ndani ya nyumba. Jirani yangu mmoja alikuwa akitengeneza bia katika chumba cha chini ya nyumba yake. Mwanzoni nilidhani anavunja sheria, kama wale waliokuwa wakipika gongo vichakani kwetu. Kumbe la. Sheria ya nchi nzima aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978 humruhusu mtu mzima kutengeneza galoni 100 za bia kwa mwaka bila kulipa kodi, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, yaani zaidi ya lita 750, mradi asiiuze. Majimbo mengine yalichelewa kuikubali. Alabama na Mississippi yalijiunga mwaka 2013 tu. Nilipoonja bia ya jirani, na nilipoona anavyoloweka kimea na kukichuja, nilijua kwamba mambo haya si mageni kwangu. Yale maji matamu ya kimea, kabla hayajatiwa hamira, mimi sikuweza kuyaita jina lingine isipokuwa togwa.

Kwa miaka mingi nilichachusha bia yangu katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko, lita 19 kwa mkupuo. Niseme ukweli ambao wauza vyombo hawaupendi: ndoo ile ilinipa bia nzuri kabisa. Ubaya wake ni kwamba plastiki hukwaruzika, na ndani ya mikwaruzo ndimo vijidudu hujificha pasipofikiwa na dawa. Pia baada ya miezi kadhaa inashika harufu. Mtu akiibadilisha kila baada ya muda, na asiisugue kwa kitu kigumu, hana haja ya kutumia fedha nyingi.

Lakini binadamu ana macho. Nilikuwa nimekwisha kuliona kwa jirani lile pipa la chuma kisichoshika kutu, chuma ambacho Mwingereza Harry Brearley wa Sheffield alikigundua mwaka 1913 na ambacho mafundi wetu hukiita stenlesi. Juu ni duara kama pipa lolote. Chini limechongoka kama faneli, limesimama kwa miguu mitatu, na kwenye ncha kuna koki. Umbo hilo halikuwekwa kwa urembo. Bia inapochachuka, hamira iliyochoka na masalia ya hopsi hushuka chini. Katika ndoo yanalala sakafuni na bia inakaa juu yake, au mtu analazimika kuihamisha bia kwenye chombo cha pili na kuiingizia hewa inayoiharibu ladha. Katika pipa lenye ncha, mashapo huteremka mpaka kooni. Unafungua koki, unayatoa, bia inabaki palepale. Na ile hamira safi inayotoka baadaye, nyeupe kama maziwa mazito, unaikinga katika chupa iliyotakaswa, unaiweka kwenye jokofu na kuitumia kwa bia inayofuata. Mbavu za ncha zinatakiwa ziwe zimeinama sana, aghalabu pembe ya digrii 60, la sivyo mashapo hugandia ukutani na faida yote inapotea.

Mwaka 2018 nilipata la mtumba, la lita 53, kwa mtu aliyekuwa akihama mji. Lilikuwa linang'aa. Nililikagua kama nilivyojua. Niliingiza mkono ndani nikapapasa mishono ya kuchomelea, maana mshono wenye vifundo na mashimo ni kiota cha uchafu. Ulikuwa laini kama kijiko. Nilitazama kama lina alama za kutu. Nilinusa ndani, nikasikia harufu ya chuma kitupu. Nikalipa, tukalipakia kwenye gari, mke wangu akauliza kama tumenunua tangi la maziwa.

Mwaka uliofuata, binti yetu alichumbiwa na kijana wa Wisconsin. Ukoo wa kijana asili yake ni Ujerumani, watu wanaoijua bia. Kwetu Uchagani posa haiendi bila mbege na ndoa haiendi bila mbege. Mama yangu alikuwa na miaka 87, miguu imekwisha, safari ya ndege haikuwezekana. Nikasema moyoni: kama mama hawezi kuja, basi pombe iliyotoka mikononi mwa mwanawe itakaa mezani kwa niaba yake. Sikumwambia mtu. Nikapika lita 38 za bia, nikaongeza kimea cha ulezi kidogo ili iwe na alama ya nyumbani, nikaitia ndani ya pipa langu linalong'aa wiki sita kabla ya harusi.

Nilikuwa nimeliosha. Nilitumia unga wa kuoshea wa oksijeni katika maji ya moto, nikasuuza, nikapitisha dawa ya asidi ya kuua vijidudu. Kwa wiki mbili mambo yalikuwa mazuri. Wiki ya nne nilipoonja, ulimi wangu ulikataa. Bia ilikuwa chachu, na nyuma ya uchachu ule palikuwa na harufu kama ya plasta ya kidonda. Nilipofungua mfuniko nikaona utando mweupe umetanda juu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Nilikaa kwenye ngazi za chumba cha chini, nadhani saa nzima. Kisha nikampigia simu mama, maana kule asubuhi ilikuwa imefika. Nikamweleza yote, hata ile siri ya kumwakilisha mezani, nikihisi ninatoa taarifa ya msiba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba, kizibo ulikinusa?"

Nikamwambia kwamba pipa la chuma halina kizibo cha mti, lina koki.

"Hiyo koki ndiyo kizibo. Uliifungua?"

Sikuwa nimeifungua. Nilikuwa nimefungua na kufunga mkono wake na kupitisha dawa ndani, nikaamini yametosha. Usiku ule nilimwaga bia yote kwenye mfereji wa maji machafu, nikaing'oa koki, nikaifungua kwa spana. Ilikuwa koki ya gololi, yaani ndani yake mna tufe la chuma lenye tundu, linalozunguka katikati ya pete mbili nyeupe. Nyuma ya tufe, mahali ambapo maji hayapiti hata ukifungua mara mia, palikuwa na uji mzito wa kahawia. Haukuwa wangu. Ulikuwa wa mwenye pipa wa kwanza, na sijui umekaa humo miaka mingapi. Harufu yake ndiyo ileile iliyokuwa katika bia.

Msomaji atauliza: mbona pipa la mama halikuoshwa kwa sabuni na mbege haikuharibika? Nami nilijiuliza. Mbege hunywewa siku moja au mbili baada ya kuchanganywa, na uchachu ni sehemu ya utamu wake. Wadudu walioishi katika mbao za pipa lile walikuwa wafanyakazi wa mama, waliozoeana naye kwa miaka. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hawajaingia wageni. Bia yangu inakaa wiki na miezi, na inataka hamira ya aina moja tu. Mgeni mmoja mwenye subira anatosha kuiharibu.

Tangu hapo nimebadili mawazo kuhusu namna ya kuchagua. Mtu akija kuniomba ushauri simwonyeshi mng'ao wa pipa, namwonyesha viungo vyake. Kiungo cha skurubu, chenye nyuzi za kukazia zinazoingia ndani ya bia, nakikwepa, maana kila uzi wa skurubu ni mfereji mdogo wa uchafu. Naona bora vile vya klampu, ambavyo midomo miwili laini hukutana, katikati pakawekwa pete ya silikoni, ikabanwa kwa mkono. Unafungua bila spana. Chini napenda koki ya kipepeo, ile yenye kisahani kinachogeuka, kwa sababu haina mahali pengi pa kuficha mambo. Koki ya gololi si haramu, ila iwe ile inayofunguka vipande vitatu, na mwenyewe awe tayari kuifungua kila baada ya kupika. Kila baada ya kupika, nasema, hata kama umechoka, hata kama ni usiku. Mfuniko uwe mpana kiasi cha kupitisha mkono mpaka begani. Na uulize kama pipa limetengenezwa kustahimili shinikizo la gesi. Mengi hayakutengenezwa hivyo, na nimesikia watu wakiyajaza gesi kana kwamba ni mitungi. Chuma kikipasuka hakichagui uso.

Kuhusu matunzo yake, kwanza pipa jipya lina mafuta ya kiwandani. Lioshwe kwa unga wa oksijeni na maji ya moto, kisha upanguse ndani kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu kromiamu iliyomo huungana na oksijeni ya hewani na kujifunika ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo ina maadui wawili nyumbani. Wa kwanza ni dawa yenye klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Ukiiacha humo hutoboa vishimo vidogo. Wa pili ni waya wa kusugulia masufuria, ambao huikwaruza na kuacha chembe za chuma cha kawaida, nazo ndizo zinazoota kutu halafu lawama ikaangukia pipa. Kitambaa laini na kuloweka kwa muda vinatosha. Ukishaikwaruza, asidi ya limau iliyoyeyushwa katika maji ya moto huondoa zile chembe na kuipa ngozi nafasi ya kurudi.

Nimetoka nje ya hadithi. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, na lita 38 zilikuwa zimekwenda na maji machafu.

"Pika mbege," mama alisema katika simu ileile. Nikamwambia Minnesota hakuna migomba. "Ndizi hazipo madukani?" Zilikuwepo. Nikanunua zile ndefu za njano ambazo Wamarekani wanakula kwa asubuhi, sanduku zima, nikaziacha zikaiva mpaka zikawa nyeusi na mke wangu akaanza kulalamika kuhusu vijinzi. Ulezi mzima niliupata kwenye duka la Wahindi. Nikauloweka, nikauotesha chini ya gunia lenye unyevu, nikauanika na kuusaga. Ndizi nikazichemsha saa nyingi, nikaziacha zikae, nikachuja, nikachanganya na uji wa kimea, na konzi moja ya kimea kibichi kama mama alivyoniagiza. Magome ya msesewe, yanayoipa mbege uchungu wake, sikuyapata, na hilo liliniuma. Chombo kilikuwa ndoo mpya ya plastiki. Pipa la chuma lilikuwa palepale kwenye miguu yake mitatu, tupu, koki imeng'olewa, likitazama.

Haikuwa kama ya mama. Ilikuwa nyepesi, na tamu kuliko inavyopasa. Lakini tuliigawa kwa kibuyu kimoja alichonipa baba nilipoondoka nyumbani, na baba mkwe wa binti yangu, mzee mrefu mwenye mikono ya mkulima, alikunywa, akatafuna zile chembe za ulezi, akaangalia ndani ya kibuyu, akaomba tena. Binti yangu alikuwa amemshikia mama simu ili aone. Mama hakuangalia watu. Alitaka kibuyu kisogezwe karibu, aione rangi.

Alifariki mwaka 2021. Pipa lile ninalo bado na ninalitumia. Nililibadilishia koki ya kipepeo, na pete za silikoni nazibadilisha kila mwaka hata kama zinaonekana nzima. Leo jioni nimemaliza kutoa bia ya ngano. Koki iko mbele yangu juu ya taulo, mkono, kisahani, pete mbili. Mjukuu wangu wa miaka 4 amesimama kando ya meza, anacheka kwa sababu babu yake ananusa chuma.