Ng'ombe wao wamenona

Alhamisi, 12 Juni 2025. Kahama

Jioni wazazi wa binti mmoja walifika kwa shangazi kuchunguza habari za kijana wa jirani aliyepeleka posa kwao. Shangazi akawapa viti, akawapa maziwa, kisha akasema: "Ah, wale! Ng'ombe wao wamenona kweli kweli." Akarudi kwenye karanga zake, anachambua. Baba wa binti alitabasamu hadi jino la mwisho. Usukumani mahari ni ng'ombe, na alichosikia ni mahari. Mama mtu akamtazama shangazi, akavuta kitenge mabegani. Yeye alisikia kwamba kaulizwa kijana, na kijana hakutajwa. Njiani watagombana hao.

Mwanafalsafa Paul Grice, katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1967, alitoa mfano wa jamii hiyo: mwalimu anaombwa barua ya kumpendekeza mwanafunzi wake kwa kazi ya falsafa, naye anaandika tu kwamba Kiingereza cha kijana ni safi na vipindi hakosi. Anayeisoma anajipigia hesabu: mwalimu anajua zaidi ya hayo, kaamua kuyameza, basi si mazuri. Kwa Grice, mazungumzo ni ushirikiano: toa habari za kutosha, sema kweli, usitoke nje ya mada, usizungushe. Anayevunja kanuni hizo waziwazi, mbele ya macho yako, anakutuma ukatafute maana. Ila barua ya Grice ilikuwa na msomaji mmoja. Shangazi alikuwa na wasikilizaji wawili, na sentensi moja ikampa kila mmoja lake.

Jumamosi, 14 Juni. Nyarugusu

Kwa mjomba, machimboni. Vumbi la makarasha, mashine za kusaga mawe, mpaka kwenye ugali. Kila anayepita duarani, kwenye shimo la dhahabu, anauliza: "Vipi mzee, limetema?" Mjomba: "Tunashukuru, afya ipo." Linaulizwa duara, inajibu afya. Mgeni angeapa kwamba kuna viroba vya mawe vimefichwa mahali. Wapi! Duara likiwa kavu anajibu vivyo hivyo. Mfadhili aliyetoa mafuta na chakula anangoja mgawo wake, mwenye leseni anangoja wake, ndugu wanangoja simu, na vibaka wana masikio. Nani atajibu?

Siri ilitoka mchana. Mjomba alikaa kwa mama ntilie, na badala ya wali maharage wa kila siku akasema, "Mama, leo weka na nyama." Yule mama hakuuliza kitu. Alipakua, akaongeza mchuzi, na kando ya sahani akaweka daftari la madeni, limefunguliwa kwenye ukurasa wa mjomba.

"Karibu baba, kula kingali cha moto."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Akalipa lote.

Jumapili, 15 Juni

Mwaka 1976 mwanaanthropolojia wa lugha Elinor Ochs Keenan alimjibu Grice kutoka Madagaska. Huko, ukimuuliza mtu mama yake yuko wapi, anaweza kukujibu "yupo nyumbani au sokoni", na hakuna atakayedhani kwamba hajui. Habari ni mali, haimwagwi ovyo. Machimboni ni hivyo hivyo kwa habari za dhahabu: kusema kidogo ndiyo desturi, kwa hiyo kusema kidogo hakudokezi lolote. Huku anayevunja kanuni ni anayesema sana. Grice angehitaji wiki moja tu duarani.

Jumanne, 17 Juni. Katoro

Tulikuwa tunakunywa chai karibu na stendi. Kijana nadhifu, hatumjui, akavuta kiti, akaagiza na yake. Haijapoa, ameshatuambia duara lake liko upande gani, limetema viroba vingapi, na kwamba ana gramu 40 anaziachia kwa bei ya kutupa kwa sababu mama yake ni mgonjwa. Geita kuna soko la madini tangu 2019, mizani iko mezani na wanunuzi wapo mchana kweupe. Hilo hakuligusa. Mjomba alimsikiliza kwa heshima zote, akakoroga sukari taratibu.

"Pole sana kwa mama. Hivi nauli ya kwenda kwenu siku hizi ni shilingi ngapi?"

Kijana akasema simu yake imezima, anaipeleka kuichaji hapo jirani, anarudi sasa hivi. Tukalipa chai tatu.