Mama mkwe anapokataa kula kwa sababu ya paka

Zamani mbwa alijua banda lake na paka alijua ghala la mahindi. Kazi ya mmoja ilikuwa kubweka, ya mwingine kukamata panya, na jioni kila mmoja alitupiwa makombo nje. Siku hizi, hasa mijini, mambo yamebadilika. Paka analala kwenye kochi, ana bakuli lake jikoni, watoto wamempa jina na usiku anapenya hadi kitandani kwao. Wenye nyumba wameshazoea. Tatizo huanza siku ndugu wanapobisha hodi na mabegi yao.

Mgeni huyo akiwa mama mkwe, jambo linakuwa zito zaidi. Mama mkwe hawezi kuambiwa "hapa ndivyo tunavyoishi", na yeye kwa kujiheshimu hatasema moja kwa moja kinachomkera. Atanyamaza. Na kimya cha mama mkwe, kila mwanamke aliyeolewa anakijua.

Familia moja ya Tabata, jijini Dar es Salaam, ilipitia hayo mwezi Desemba. Ni baba, mama na watoto wawili, wa miaka tisa na minne. Wana paka jike anayeingia kila chumba, na mbwa wa ulinzi anayefungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Bibi mzaa baba alitoka Tanga na kikapu cha machungwa ya Muheza, akiwa amepanga kukaa wiki tatu. Wajukuu walikuwa wakihesabu siku.

Siku ya kwanza bibi alikula wali na samaki, akasifu. Siku ya pili asubuhi aliingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, akamkuta paka amesimama juu ya meza ananusa sufuria ya maziwa. Hakusema kitu. Kuanzia hapo kila alipokaribishwa mezani jibu lilikuwa moja: "Nimeshiba, mwanangu." Alikuwa akila mkate wa dukani, ndizi na machungwa aliyoyamenya kwa kisu chake mwenyewe. Chai alichemsha mwenyewe, baada ya kuisugua sufuria kwa jivu kana kwamba inatoka kwenye moshi wa kuni. Siku ya nne alimpigia simu binti yake anayeishi Mbagala, akamwambia aje amchukue.

Mkamwana aliumia. Ni mwanamke anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anapiga deki kabla ya kwenda kazini na kurudia jioni. Usiku chumbani alimuuliza mumewe: "Kwani mimi mchafu?" Mume akajibu kama wanaume wengi wanavyojibu wakibanwa katikati ya mama na mke: "Mama ni mtu mzima, mvumilie tu." Jibu hilo halikumsaidia mke, wala halikumfanya mama ale.

Neno moja, maana tatu

Ugomvi wa aina hii hauishi kwa sababu watu wanatumia neno moja, usafi, wakiwa na maana tofauti.

Kuna usafi wa macho na pua: manyoya kwenye kochi, harufu ya boksi la mchanga, nyayo kwenye kitambaa cha meza. Mwenye nyumba anayeishi na harufu hiyo kila siku haisikii tena. Mgeni anaipokea mlangoni. Si kwamba mmoja anadanganya, ni pua za wawili zimezoea vitu tofauti.

Kuna usafi wa kiafya, yaani vijidudu, minyoo, viroboto na mzio ambao wengi huuita aleji. Huu hauonekani kwa macho. Nyumba inaweza kung'aa na bado paka akawa na minyoo, na mzio hautokani na uchafu. Husababishwa na protini zilizomo kwenye mate na ngozi ya mnyama, ambazo hukaukia kwenye manyoya na kuelea hewani. Mgeni mwenye pumu anaweza kubanwa kifua katika nyumba iliyopigwa deki mara mbili kwa siku.

Halafu kuna tohara, ambayo ni suala la ibada. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Paka hayumo katika hukumu hiyo, yeye si najisi. Mbwa wa kulinda au wa kuchunga mifugo anaruhusiwa kufugwa, lakini mate yake yanabaki na hukumu yake.

Mkamwana wa Tabata, ambaye amekulia Moshi katika nyumba yenye paka wawili na mbwa, alidhani bibi anamkataa paka kwa sababu ya dini. Akajiambia hilo haliwezi kubadilika, na kwa hiyo hakuna cha kuzungumza. Hapo alikosea, na kukosea huko nusura kumgharimu wiki mbili za bibi na wajukuu.

Wifi katikati

Aliyefungua fundo hilo ni wifi wa Mbagala. Alifika Jumamosi na mwanawe wa miaka sita, naye mwenyewe akiwa na mimba ya miezi mitano. Kabla ya kufunga mizigo ya mama yake alikaa jikoni na wifi yake, wakachambua mchicha. Mila zetu zina hekima hapo: yale ambayo mkwe na mkwe hawawezi kuambiana uso kwa uso, wifi huyabeba.

"Mama hana shida na paka," alisema. "Nyumbani Tanga tumelala na paka tangu utoto. Shida yake ni miguu. Anatoka kuchimba mchanga wa choo chake, anapanda meza ya chakula." Kuhusu mbwa, bibi alikuwa na jambo moja tu. Usiku mbwa alikuwa akilala barazani, mahali ambapo bibi angependa kutandika mkeka wake kwa sala ya alfajiri.

Kumbe yote mawili yalikuwa na dawa. Meza inaweza kufungiwa paka kwa kufunga mlango wa jikoni. Baraza inaweza kuzibwa kwa kageti kadogo. Hakuna aliyehitaji kubadili dini wala kumtupa paka.

Wifi naye alikuwa na hofu yake. Kliniki walikuwa wamemtahadharisha kuhusu kinyesi cha paka. Hofu hiyo si uzushi. Paka anaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo mama akivipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini vimelea hivyo hutoka kwenye kinyesi, si kwa kumpapasa paka mgongoni, na huchukua siku moja hadi tano baada ya kutoka ndipo viweze kuambukiza. Ndiyo maana boksi la mchanga linalosafishwa kila siku lina hatari ndogo kuliko lile linaloachwa hadi mwisho wa wiki. Mjamzito asilisafishe yeye, na kama hakuna mwingine, avae glavu na anawe kwa sabuni. Tena vimelea hivyo hivyo hupatikana kwenye nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa, kwa hiyo anayemkimbia paka huku akila mishikaki yenye damu hajajikinga.

Jambo ambalo halina mjadala

Wakati mama hao wakiendelea na mchicha, watoto walikuwa uani. Yule wa miaka sita alipitisha mkono kwenye wavu wa banda. Mbwa alimparura kwa jino kwenye kidole, damu ikatoka kidogo. Mjukuu wa miaka tisa alimfunga kidole kwa kipande cha kitambaa na kumsihi asiseme. Aliogopa kwamba bibi akijua ataondoka siku hiyo hiyo. Watoto huwa wanasikia kila kinachosemwa chumbani.

Bibi ndiye aliyeiona ile damu. Hakufoka. Alimshika mtoto mkono, akampeleka bombani na kumwosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, huku mtoto akilia na watu wakisema yatosha. Hakukubali kwamba yatosha. Kijijini kwao alishawahi kumwona mtu akifa kwa kichaa cha mbwa.

Bibi alikuwa sahihi kuliko wote waliokuwepo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali bila kuchelewa. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vilivyomo kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili, chanjo humwokoa. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani, hadi asilimia 99, huambukizwa na mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi kwa sababu wako karibu na mbwa na mara nyingi hawasemi wameumwa.

Hospitali waliuliza kadi ya chanjo ya mbwa. Baba aliitafuta, akaipata chini ya karatasi za bima ya gari. Chanjo ya mwisho ilikuwa imepita miaka miwili na nusu. Mtoto alianza sindano siku hiyo na kupangiwa tarehe za nyingine. Mbwa alifungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, kwa kuwa mbwa anayetoa virusi kwenye mate huwa anaugua na kufa ndani ya muda huo. Siku 10 zilipita, mbwa akawa mzima. Lakini siku hizo hazikuwa fupi kwa mtu yeyote katika nyumba zile mbili.

Hapo ndipo baba alipoacha kusema "mvumilie". Usafi aliokuwa akiutetea mkewe ulikuwa wa deki, na deki haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni kile ambacho yeye mwenyewe alipaswa kukifuatilia kwa daktari wa mifugo.

Kabla wageni hawajafika

Familia hiyo ilikaa sebuleni jioni moja ikapanga mambo, na mengi yanafaa nyumba yoyote yenye mnyama na wageni njiani.

Kadi ya chanjo iangaliwe wiki kadhaa kabla ya ugeni, kwa sababu chanjo haifanyi kazi siku ile ile. Mbwa na paka wapewe dawa ya minyoo na ya viroboto kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Mayai ya minyoo yao hukaa kwenye udongo, na mtoto anayecheza chini na kula bila kunawa huyameza.

Mgeni aulizwe mapema kwa simu, na aulizwe na mtu wa damu yake: kuna mwenye pumu, mjamzito, mtoto mchanga, au anayeogopa wanyama? Mume amuulize mama yake, mke amuulize wa kwake. Swali hilo likitoka kwa mkwe linaweza kusikika kama kufukuzwa.

Mgeni apewe chumba ambacho mnyama haingii, na si kuanzia asubuhi anapofika, bali siku nyingi kabla, mashuka na mapazia yakiwa yamefuliwa. Vyombo vya mnyama vioshwe kwa sponji yake na visichanganywe na sahani za watu. Boksi la mchanga likae mbali na jikoni. Dawa kali za kusafishia zenye fenoli ziepukwe alipo paka, maana ni sumu kwake.

Watoto wafundishwe kusema wakiumwa au kuparurwa, na waambiwe wazi kwamba hawatachapwa kwa kusema. Mtoto anayeficha jeraha ili kulinda amani ya wakubwa amebebeshwa mzigo usio wake.

Mgeni naye ana wajibu. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, wahenga walisema. Paka wa watu hapigwi teke mbele ya watoto wanaompenda, na kususa chakula siku tatu bila kutaja sababu ni adhabu kwa mtu asiyejua kosa lake.

Bibi hakwenda Mbagala. Alimaliza wiki zake tatu Tabata, akala ugali na dagaa, akala pilau ya mwaka mpya. Maziwa hakuyanywa hadi anaondoka, na mkamwana alijifunza kutoumia kwa hilo. Kageti ka baraza bado kapo. Na bibi anapopiga simu siku hizi akisema anataka kuja, baada ya kuwajulia hali wajukuu huuliza kama kadi ya mbwa imegongwa muhuri wa mwaka huu. Mwanawe huenda kuitafuta kabla ya kujibu.