Lori linajulikana lilipo, mtoto je?

Nilikuwa mpakani. Kwa msiopajua Tunduma: foleni ya malori, wabadilisha fedha na mafurushi ya kwacha, na Nakonde ya Zambia iko pale pale, unavuka kwa miguu. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa 2019. Mzigo wa shaba unaingizwa kwenye kompyuta.

Pembeni ya foleni nilikutana na mama mmoja wa Mbozi akionyesha madereva picha ya pasipoti ya bintiye, miaka 13. Binti alichukuliwa na "shangazi" akafanye kazi za ndani. Mama alikuwa na namba ya RB kwenye karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa.

"Kila kituo nikifika naanza upya, mwanangu," aliniambia. "Wananiuliza jina, nalia, wanaandika."

Kituo alikoripoti kwanza hakikuwa na njia ya kuwaambia wenzao zaidi ya simu ya mkononi ya askari. Vocha yake mwenyewe!

Nikakumbuka Toronto. Mwaka 2003 askari mmoja, Paul Gillespie, alimwandikia Bill Gates barua pepe akiomba msaada. Mwaka 2005 Microsoft na polisi wa Kanada wakazindua kanzidata ya pamoja ya kufuatilia wanaowadhalilisha watoto kingono mtandaoni, askari wa mji huu aone alichokipata wa mji ule. Interpol nao wakazindua yao ya picha 2009.

Sisi hatukulala pia. Madawati ya Jinsia na Watoto yalianza 2008, Sheria ya Mtoto ikaja 2009, na namba 116 unapiga bure. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kompyuta mfadhili atanunua, tena atapiga picha akikabidhi. Lakini nani atalipia bando, umeme, na askari wa kukaa akiingiza taarifa mfadhili akishaondoka? Hiyo ndiyo bajeti ninayotaka kuiona.

Na kingine kinanitisha: nani atalifungua faili? Tunduma watu wanajuana. Jina la binti aliyebakwa likivuja, hana pa kwenda. Bora lisiwemo kuliko kila mwenye nywila alisome.

Mama nilimpa namba yangu. Akaikunja pamoja na ile RB, akavuka kwenda Nakonde. Hajapiga.