Kulala Mjini, Kutembea Shamba

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni huyo alale wapi. Swali hilo dogo lilituweka mezani mimi na mke wangu kwa majuma mawili mwanzoni mwa mwaka 2023, tulipokuwa tukijiandaa kwenda Italia. Nauli ilikwisha kupatikana kwa michango ya watoto. Lililobaki lilikuwa chumba.

Nieleze kwanza tulikuwa tunafuata nini, maana si Roma wala Venice. Mwaka 1963, nilipokuwa shule ya kati mkoani Iringa, nilifundishwa hesabu na padre mmoja wa shirika la Consolata. Shirika hilo lilianzishwa Turin mwaka 1901, na wamisionari wake walifika Iringa mwaka 1919. Padre wangu alikuwa mtoto wa mkulima wa zabibu kutoka vilima vya Monferrato, na kila alipotaka kutufundisha eneo la pembetatu alichora ubaoni shamba la baba yake lililokaa mteremkoni. Alipozeeka alirudishwa kwao, akafa, akazikwa kijijini. Nilikuwa nimemwahidi kwamba siku moja nitaliona lile shamba. Ahadi ni deni, na mdai akishakufa deni linazidi uzito.

Kijana wetu wa pili, ambaye mambo yote huyatafuta katika intaneti, alituletea picha za nyumba za mashambani zinazopokea wageni. Waitaliano huita mpango huo agriturismo; uliwekewa sheria ya taifa mwaka 1985 ili mkulima apate kipato cha pili asilikimbie shamba lake. Kama mtu wa vijijini niliupenda mpango huo mara moja. Picha zilionyesha mizabibu hadi dirishani, meza chini ya mti, na ukimya. Bei ilikuwa Euro 100 kwa usiku. Nikasema, kama tunakwenda kuona shamba, basi tulale shamba.

Mke wangu alizitazama picha zile kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, tukiishiwa chumvi tutakwenda kununua wapi?"

Sikuwa na jibu. Nyumba ile ilikuwa kilomita sita kutoka duka la karibu, na basi halikupita pale. Bila gari mgeni wa huko ni mfungwa mwenye mandhari nzuri. Nami nilikuwa na miaka sabini na mitatu, sijapata kuendesha gari upande wa kulia wa barabara, na goti la mke wangu halikubali mwendo mrefu. Kijana alijitetea kwamba gari hukodishwa. Nilichukua kalamu. Siku tisa za gari pamoja na mafuta zilinitisha kuliko safari yenyewe.

Hapo ndipo tulipogeuza swali. Badala ya kuuliza ni shamba gani zuri la kulala, tuliuliza ni mji gani mdogo ambao mtu akiamka asubuhi anaweza kutoka kwa miguu na kupanda basi au treni kwenda mashambani, na jioni akarudi. Tukaweka masharti manne: stesheni isiwe mbali na chumba, mabasi ya vijijini yaanzie hapo hapo, kuwe na soko, na mji usiwe wenye sifa kubwa, maana sifa hupandisha bei. Turin ilikuwa kubwa mno. Alba ina sifa ya uyoga wake wa thamani, na bei zake zinaijua sifa hiyo. Mji wa Asti ulipita masharti yote. Uko kwenye njia ya reli kati ya Turin na Genova, na kituo cha mabasi kimekaa jirani na stesheni. Tukapata chumba katika nyumba ya watawa wanaopokea wageni: vitanda viwili, msalaba ukutani, choo ndani, kifungua kinywa cha mkate na kahawa, Euro 56 kwa watu wawili. Sharti moja tu: mlango hufungwa saa nne usiku.

Tulifika siku za mwanzo wa Juni. Nililodhani ni la kujinyima likageuka kuwa faida. Jumatano na Jumamosi wakulima huleta mazao yao sokoni Asti, kwa hiyo shamba lilitufuata mjini kabla sisi hatujalifuata. Mke wangu, asiyejua Kiitaliano hata neno moja, alikuwa akishika nyanya, anaibonyeza, anaguna; na mama muuzaji alimwelewa vizuri sana. Siku ya pili ya soko walisalimiana kama majirani. Pale shambani kwenye picha tungemsalimia nani?

Tulijifunza pia desturi za mahali. Maduka mengi hufungwa mchana kwa chakula, na asiyenunua mkate mapema hushinda njaa. Tiketi ya basi la kijijini hununuliwa katika duka la tumbaku lenye herufi kubwa T mlangoni, na tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri mashineni kabla ya safari. Katika ratiba, neno feriale hutukumbusha likizo, kumbe maana yake ni siku za kazi, Jumamosi ikiwamo. Festivo ndiyo Jumapili na sikukuu, siku ambazo mabasi huwa machache au hakuna kabisa. Nilimweleza mke wangu mambo hayo kwa majivuno kidogo. Mtu aliyepanga ratiba za shule miaka mingi haoni kwamba ratiba ya basi inaweza kumshinda.

Tulikwenda Castelnuovo Don Bosco, alikozaliwa Yohane Bosco mwaka 1815 na Giuseppe Allamano mwaka 1851. Huyo Allamano ndiye mwanzilishi wa shirika la padre wangu, na ametangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, baada ya safari yetu. Aliwatuma watu Afrika lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huku. Siku nyingine tulikwenda Canelli, ambako wametoboa mahandaki makubwa chini ya mji kuhifadhia divai. Mashamba ya zabibu ya sehemu hizo yaliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2014. Mistari ya mizabibu inafuata umbo la kilima kama misuko ya nywele. Niliwaza mianzi yetu ya Iringa, na mgema wa ulanzi anayeipitia kila asubuhi na jioni. Kila watu na kilima chao, na kila kilima na kinywaji chake.

Kijiji cha padre tulikiacha kwa siku ya mwisho kabla ya kuondoka, katikati ya Juni. Basi la asubuhi lilitufikisha salama. Kaburi tulilipata upesi, kwa kuwa makaburi yale yana picha za marehemu. Mke wangu aliweka maua. Mimi niliweka kipande cha chaki. Kisha tulisimama ukutani tukaona mteremko wa pembetatu, zabibu upande mmoja, vichaka upande wa pili. Nusu ya shamba haikulimwa tena. Mzee mmoja alitueleza kwa ishara kwamba vijana walikwenda Turin zamani, viwandani, na hawakurudi.

Basi la kurudi lilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Halikuja. Saa moja halikuja. Saa mbili mwenye baa alitoka, akatazama ratiba niliyokuwa nimeishika, akaweka kidole chini kabisa kwenye herufi ndogo: scolastico. Basi lile lilikuwa la siku za shule tu. Kijiji kimebaki na watu wachache, na basi la jioni huishi kwa ajili ya wanafunzi. Shule zilikuwa zimefungwa juma lililopita. Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, sikujiuliza kama shule zimefungwa, mwezi ambao hata kwetu shule hufungwa!

Teksi iliyoitwa kutoka mjini ilichelewa, nayo ilitugharimu Euro 60, zaidi ya kodi ya chumba ya usiku mzima. Tulifika mlangoni saa nne na dakika ishirini. Nilipobonyeza kengele mkono ulikuwa ukitetemeka, na nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea kwa lugha nisiyoijua. Sista mzee akafungua. Alimtazama mke wangu na goti lake, akanitazama mimi, akasema neno moja, "autobus," akatikisa kichwa. Supu ilikuwa bado mekoni.

Sikulala vizuri. Mwaka 1984, miaka ile ya shida ya mafuta, nilikuwa nikifunga mwenyewe geti la shule ya bweni saa kumi na mbili jioni siku ya kufungua muhula. Kijana mmoja alifika saa tatu usiku na sanduku kichwani. Alisema basi la kijijini kwao halikuja. Nilimwambia basi si udhuru, nikamrudisha kwao majuma mawili kuwa fundisho. Hakurudi tena. Kwa miaka karibu arobaini niliamini kwamba asiyerudi hakutaka shule. Usiku ule, nikiwa nimeshiba supu ya watu niliowavunjia sheria yao, nilijiuliza kama alikuwa na nauli ya safari ya pili.

Nimejaribu kumtafuta tangu tuliporejea. Bado sijampata.

Wenzangu wastaafu huniuliza kama ninawashauri walale mjini au shamba. Ninawapa hesabu: usiku tisa kwa watawa Euro 504, shambani ingekuwa 900, na gari juu yake. Hata ukitoa teksi, akiba inabaki kubwa. Ninawaambia wachague mji wenye stesheni na soko, na wasome ratiba mpaka mstari wa chini. Sababu yangu kubwa, hata hivyo, si hesabu. Nyumba ya mjini ina mtu anayejua kwamba hujarudi. Ukichelewa, yuko wa kukufungulia. Mimi nilipokuwa na ufunguo sikuijua kazi hiyo.