Ilimba ya Baba

Nimezaliwa Chamwino, Dodoma, katika ukoo wa Wagogo wa ngoma. Mama na shangazi zangu walipiga muheme, ngoma ya wanawake inayobanwa mapajani. Baba alipiga zeze la nyuzi na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Katika nyumba ile hakuna aliyenifundisha kuimba. Nilijikuta tu naitikia.

Baba alipofariki nilikuwa na mtoto mchanga, na mume alikwisha kwenda zake. Siku ya kuanua tanga vitu vikagawanywa. Ilimba hakuna aliyeigombea, kaka zangu walikuwa tayari wanaendesha bodaboda. Nikaichukua. Hapo maneno yakaanza: mwanamke ana muheme wake, ilimba ni ya wanaume. Mzee mmoja wa ukoo, ninayemheshimu hadi leo, alisema namtia baba aibu kaburini.

Nikahamia Bagamoyo, alikoishi Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyeipeleka ilimba ng'ambo, hadi alipofariki 2003. Huko nikapata kazi hotelini, nikatakiwa kuimba nyimbo zile zile za watalii kila jioni, kwa nauli na sahani ya wali. Ilipofika 2020, corona ikawaondoa watalii, na sahani nayo ikakoma. Nikakaanga mihogo barabarani. Kuna siku tulilala na uji mtupu.

Ilimba yenyewe ilikuwa imefifia. Matundu yake huzibwa kwa utando wa mayai ya buibui, na utando huo ndio unaoifanya ivume. Wa baba ulikuwa umechanika. Nilipekua kuta za magofu mpaka nikapata mwingine, nikaubandika, sauti ikarudi. Usiku huo nikatunga wimbo wangu wa kwanza, kwa Kigogo, juu ya mihogo isiyonunuliwa na mtoto anayemuulizia babu. Kiitikio kilikuja chenyewe, kwa mwendo wa muheme wa mama. Nililia, kwa kuwa wazazi wangu wote wawili walikuwa mle ndani.

Nikaendelea kutunga. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wanawake wa ukoo wa Hukwe, walipotoa albamu yao, Maisha, nilimtumia yule mzee albamu hiyo. Hakujibu. Miezi baadaye akapiga simu: "Mwanangu, mjukuu wangu anaoa. Njoo na ilimba ya baba yako." Nilikwenda na nyimbo zangu, si za watalii. Alinilipa sawa na mpigaji mwanaume, mbele ya ukoo wote, na fedha ile ndiyo iliyomnunulia mwanangu sare za darasa la kwanza.